Ujumbe wa Dakika Tatu

Ujumbe ulikuwa wa dakika tatu na sekunde kumi na moja. Dobi aliurekodi akiwa amesimama, simu ameiegemeza kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia, mkono mmoja ukiendelea na pasi, kwa sababu mashuka ya nyumba ya wageni yalitakiwa yawe yamekunjwa kabla ya saa moja. Aliongea polepole, kwa adabu, kama mtu anayeomba msaada kwa watu anaowaheshimu. Alianza kwa salamu. Akaomba radhi kwa kuwachosha wazazi wenzake. Kisha akaeleza.

Aliyoeleza ni haya. Binti yake wa miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wa darasa la tano, bado anakojoa kitandani. Si kila siku, alisema, lakini siku tatu hazipiti. Wameshakwenda zahanati mara mbili na wameambiwa mtoto ni mzima, itakoma yenyewe. Maji ya jioni wamemnyima, usiku wamemwamsha, wapi. Sasa darasa linakwenda safari ya siku mbili, watoto watalala kwenye bweni la shule nyingine, na binti amesema hataki kwenda, na yeye mama anajua sababu. Kwa hiyo kama yupo mzazi ambaye mtoto wake alipitia hayo, tafadhali amwelekeze, maana mwanangu anateseka, alimalizia, na mimi sina tena ninachokijua.

Hakukosea kundi. Baadaye watu wengi walidhani alikosea, na wengine walimwambia hivyo kwa nia ya kumpoza. La. Alikusudia kundi la wazazi wa darasa la tano, na huko ndiko ujumbe ulikokwenda. Alichokosea ni saa. Aliutuma saa kumi na mbili jioni, na saa kumi na mbili jioni ndipo mwalimu wa darasa anapotuma kazi za nyumbani kwenye kundi hilo hilo, kwa kuwa shule iliacha kuandika kazi ubaoni tangu mwaka uliopita, eti kuokoa muda. Saa hiyo simu za wazazi haziko kwa wazazi. Ziko mikononi mwa watoto wanaonakili hesabu. Hakuna mzazi wa darasa lile asiyelijua hilo, na Dobi alilijua kuliko wengi, maana yeye hurudi saa mbili na simu huwa anayo, hivyo binti yake kila jioni huenda kunakili kwa jirani yake wa dawati. Alilijua, na siku hiyo uchovu ulimsahaulisha.

Na huyu ni mwanamke wa siri, ndiyo maana inauma. Kwa miaka tisa amefua mashuka ya wageni. Shuka humweleza dobi nani amelia, nani ametapika, nani hakulala peke yake, na katika miaka yote hiyo neno moja halijawahi kutoka nje ya chumba kile cha mvuke. Wasichana wapya humchokoza wakitaka umbea, naye huwajibu kwamba yeye anatoa madoa, hayasomi.

Jioni ile mezani kwa fundi cherehani walikuwapo watoto watatu: binti wa fundi, ambaye ndiye yule jirani wa dawati, mdogo wake, na binti wa Dobi, ambaye kwao anaitwa Wakili kwa sababu tangu aanze kuongea hajawahi kukubali jambo bila kuuliza kwa nini mara tatu. Simu ya fundi ilikuwa katikati ya meza. Walikuwa wamefika hesabu ya nne. Ujumbe ukaingia chini ya hesabu, na yule mdogo, ambaye kubonyeza ndiyo kazi aliyopewa, akaubonyeza.

Wakili aliitambua sauti kabla haijamaliza salamu. Hata alitabasamu. Huyo ni mama yangu, alisema, na wote wakanyamaza ili wasikie vizuri. Alipoelewa kinachosemwa alikuwa ameshachelewa kunyoosha mkono, na fundi alikuwa chumba cha pili na cherehani inanguruma. Hakuna aliyecheka; hilo binti wa fundi alimwapia mama yake baadaye, na ni kweli. Wakili aliinuka, akavaa ndala, akaondoka, daftari likabaki mezani limefunguliwa. Akiwa mlangoni alimsikia yule mdogo akimuuliza dada yake kama mtu wa darasa la tano anaweza kukojoa.

*

Dobi aliporudi alimkuta binti amelala na sare yake, uso ukutani. Akadhani ni homa. Alimgusa paji la uso, halikuwa na joto, akamfunika, akaenda kukaa jikoni na simu yake. Majibu tisa yalikuwa yamemngoja. Mzazi mmoja alisema wa kwake aliacha akiwa na miaka kumi na mbili, asimkaripie. Mwingine alitaja asali. Baba mmoja, mtu asiyewahi kuandika kitu humo isipokuwa kuulizia ada, aliandika kwamba yeye mwenyewe aliacha akiwa mkubwa na leo ana watoto wanne. Dobi alifurahi. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, maana miezi mingi alikuwa amejiona yuko peke yake.

Chini kabisa kulikuwa na vikatuni vitatu vinavyocheka hadi kulia, kutoka kwenye simu ya mhasibu mmoja anayeheshimika. Alikuwa bado anavishangaa pale fundi cherehani alipobisha hodi akiwa na daftari. Fundi hakuketi. Aliongea akiwa amesimama mlangoni, akiliviringisha daftari mikononi, na kila sentensi aliianza kwa nisamehe dada.

Dobi aliufungua ujumbe wake, akaushikilia kwa kidole mpaka simu ikamuuliza afute vipi. Kulikuwa na maneno mawili matatu pale. Alibonyeza la kwanza ambalo kidole kilifikia, ujumbe ukatoweka, akashusha pumzi. Fundi akafungua simu yake kuhakikisha. Ulikuwepo, pale pale, chini ya hesabu. Dobi alikuwa ameufuta kwake mwenyewe tu, na sasa hakuwa nao tena wa kuushika aufute kwa wote. Waliigeuzageuza simu ile wote wawili kama watu waliotupa ufunguo kisimani.

Mwenye uwezo wa kuutoa alikuwa mwalimu wa darasa, ndiye aliyefungua kundi. Walimpigia mara tano. Mwalimu naye ni binadamu, siku nzima ana watoto arobaini na mmoja, na ikifika saa mbili huzima simu. Aliutoa kesho yake mchana, akaandika kwamba wazazi wanakumbushwa kutumia kundi kwa busara.

*

Kesho yake hiyo Wakili alikwenda shule, kwa sababu mama yake alimwambia ajikaze, na kwa sababu wote wawili walijipa moyo kwamba habari haitafika mbali. Saa nne alirudi. Hakulia, hakueleza. Alivua viatu, akavipanga, akaingia chumbani.

Yaliyotokea yalijulikana kidogo kidogo. Watoto walikuwa wamerushiana ujumbe kabla mwalimu hajaamka, kutoka simu za baba kwenda simu za dada na za binamu. Kaka wa mmoja wao, anayejua kuchezea muziki, alikata yale maneno mwanangu anateseka, akayarudiarudia, akayawekea ngoma. Haikuwa mbaya kama muziki, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Kufikia mapumziko ya saa nne, watoto wa madarasa mengine wasiomjua Wakili kwa sura walikuwa wanauchezea, na waliomjua walikuwa wamempa jina la Shuka.

Baba yake alipata habari kazini. Yeye ni msoma mita wa maji. Watu wanamwita Bwana Mita na wengi hawajui kama ana jina jingine. Alikuwa amepiga magoti kwenye ua wa watu, anafuta matope kwenye kioo cha mita aone tarakimu, mtoto asiyemjua akapita anacheza na simu mkononi. Bwana Mita alisikia ngoma, kisha akamsikia mkewe. Aliandika tarakimu za uongo kwenye kitabu cha nyumba ile, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, ili aondoke upesi.

Hakupiga kelele alipofika nyumbani. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini ni nani alimtuma. Dobi akasema alikuwa anatafuta msaada. Mume akasema msaada hutafutwa kwa mtu, hautafutwi kwa watu. Akasema tutamhamisha shule. Mke akamuuliza kwa ada gani, na sare gani, na shule ipi ambayo simu hazifiki. Bwana Mita akatoka kwenda kukaa nje.

Zikapita siku. Binti hakwenda shule na hakuulizwa. Alikula, alifagia, alijibu alipoitwa. Lakini zile "kwa nini" zake ziliisha. Ukimwambia lete maji, analeta. Ukimwambia lala, analala. Bwana Mita, ambaye miaka yote alilalamika kwamba nyumba hii ina mahakama, alijaribu kumchokoza kwa makusudi, akadai jua linazunguka dunia, na binti akasema sawa baba.

Dobi aligundua jingine, na hilo alilijua kwa vidole. Shuka la binti lilikuwa kavu kila asubuhi, siku nne, siku tano. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye alilishika, akalikuta limekakamaa kwenye mikunjo kama linavyokakamaa shuka lililokunjwa bila kulaliwa. Kanga moja ya zamani iliyokuwa nyuma ya mlango ilikuwa na ule ugumu wa nguo iliyosuuzwa kwa maji matupu bila sabuni. Mtoto alikuwa analala sakafuni juu ya kanga, anaisuuza kabla hawajaamka, anaianika nyuma ya mlango ambako haionekani. Zamani ikitokea alikuwa anakuja kumwamsha mama yake na wanalimaliza wawili bila maneno mengi. Sasa alikuwa amemwondoa kwenye shauri lake. Dobi aliirudisha kanga pale pale alipoikuta, akaenda kazini.

*

Siku yake ya mapumziko aliandika majina ya wazazi kwenye karatasi akatoka kwenda kuwaomba, mlango kwa mlango, wafute. Si lile kundi tu. Simu zao zote, na za watoto wao. Fundi cherehani alimwambia ni kazi ya kuchota maji kwa chujio. Dobi alisema anajua.

Wengi walikuwa wema kwa namna ya kuchosha. Walimkaribisha, walimpa kiti, wakamwambia pole, wakaapa kwamba walifuta siku ile ile. Katika nyumba moja mama mwenye nyumba alikuwa katikati ya kuapa hivyo, na kutoka chumba cha ndani ngoma ikaanza. Mama yule aliinua sauti na kuanza kusifia hali ya hewa. Dobi alimsaidia kuisifia, kwa sababu aibu ilikuwa ya wote wawili na kulikuwa hakuna pa kuiweka.

Mhasibu alimsikiliza akiwa amesimama getini. Alisema mwanawe asingeweza kutuma vikatuni vile, hana tabia hiyo. Kisha akamuuliza, kwa upole hasa, kama kweli haoni kwamba chanzo ni yeye mwenyewe. Dobi akasema anaona. Mhasibu akasema basi. Dobi akasema ndiyo, lakini bado anaomba afute. Alisimama pale mpaka mhasibu akatoa simu mfukoni.

Kwenye nyumba ya kumi na tisa alimkuta bibi anayelea mjukuu, mwanamke mzito wa kutembea na mwepesi wa maneno. Bibi hakujua kufuta. Alimpa Dobi simu yote. "Nifutie mwenyewe mwanangu," alisema, "na ukikuta mengine ya kijinga huko uyafute pia, simu imejaa haitaki tena hata kuniamkia."

Dobi akaketi kwenye mkeka, akapanda juu kwenye lile kundi, wiki hata wiki, akitafuta kama kuna nakala nyingine. Hakuwahi kulisoma hivyo, yote kwa mkupuo. Kulikuwa na mtoto anaogeshwa kwenye beseni, baba yake ameandika utani chini. Kulikuwa na matokeo ya mtihani ya darasa zima, majina na alama, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho amewekewa mstari mwekundu. Kulikuwa na kichwa cha mtoto chenye mapunye, kimepigwa picha karibu, mzazi anauliza dawa. Kulikuwa na video ya mvulana mdogo wa darasa lao akilia kwa kuogopa sindano, akimwita mama yake, na mama ndiye anayerekodi huku anacheka mpaka picha inatikisika. Chini yake watu wamecheka. Miongoni mwa waliocheka Dobi alikuta jina lake. Alikuwa ameweka vikatuni vinne.

Aliitazama ile video tena bila sauti. Aliona mtoto anamtazama anayerekodi, si nesi.

"Umepata?" bibi aliuliza.

"Nimepata, mama."

Karatasi yake ilikuwa na nyumba ishirini na moja zilizobaki. Hakuzimaliza. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa wazazi, ambaye ana duka la misumari na rangi, akamkuta anapima kamba. Alimwambia anataka kusema kwenye mkutano wa Jumamosi. Anataka kazi za nyumbani zirudi ubaoni, na mambo ya watoto, miili yao, magonjwa yao, alama zao, yasiwekwe tena kwenye kundi na mtu yeyote, awe mzazi au mwalimu.

Mwenyekiti si mtu mbaya. Alimpa dakika tano hapo hapo. Ila akamshauri, kwa uzoefu wake wa mikutano, asianze na sheria. "Wewe waeleze kisa," alisema. "Kuanzia mwanzo. Jinsi mtoto alivyokuwa, alivyosikia, alivyokataa shule. Watalia. Watu wakilia wananyoosha mkono. Ukiwaletea masharti matupu watakuuliza nani ataandika ubaoni."

Dobi aliona ni kweli. Alirudi nyumbani ana hotuba.

*

Ijumaa jioni alikuwa anapiga pasi sare ya binti, ambayo haikuwa na safari, na anayapanga maneno kwa sauti ya chini. Alifika mahali pa daftari lililobaki mezani, akapapenda, akaparudia. Hakujua kwamba Wakili amesimama nyuma yake na ndoo.

"Utanisema tena?"

Lilikuwa swali la kwanza kwa siku tisa. Dobi aliweka pasi wima.

"Sikusemi. Nakutetea. Nataka wasifanyiwe wengine."

"Utasema nakojoa?"

"Hilo wanalijua tayari, mwanangu."

"Hawajui nililia wapi. Hawajui nilisahau daftari. Utawaambia?"

Dobi alinyoosha kola ya sare kwa kiganja.

"Kwa nini?" mtoto aliuliza.

"Kwa ajili yako."

"Hata siku ile ilikuwa kwa ajili yangu."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake tarehe. Kisha akaenda kumwaga maji. Dobi alichomoa pasi ukutani, akakaa chini kwenye kigoda. Mume wake aliyekuwa kwenye kizingiti amesikia yote alikwenda kumpokea binti ndoo.

Baadaye Dobi alikwenda akapiga magoti pembeni ya mtoto, akamuuliza anataka asemeje. Binti akasema hataki asemwe hata kidogo, hata kwa uzuri. Mama akamwambia bila kisa huenda wasikubali. Binti akasema sawa. Mama akamuuliza hiyo sawa ni ya kweli au ni ile nyingine. Binti akasema ni ya kweli.

*

Mkutano ulifanyika darasani, wazazi wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Kwanza lilisemwa suala la choo, halafu la mchango wa mlinzi. Dobi alipoitwa, minong'ono ilikatika, na wachache waliokuwa wanasinzia walizinduliwa kwa kiwiko. Mhasibu alivua miwani. Kila mtu alijua kitakachosemwa na kila mtu alikuwa tayari kuhuzunika.

Alisimama akasema alichokusudia. Anaomba kazi ziandikwe ubaoni. Anaomba picha za watoto wakiwa uchi, wakiwa wagonjwa, wakiwa wanalia, zisiwekwe kundini. Anaomba alama za mtihani apewe kila mzazi za mwanawe tu. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kumcheka mtoto wa mwenzake humo, na anaomba radhi kwa mzazi huyo, ambaye yupo hapa, na hatamtaja. Halafu akanyamaza. Alikuwa ametumia dakika moja na nusu.

Watu walitazamana. Mwenyekiti alimpa ishara ya kuendelea. Dobi alibaki amesimama.

"Eleza basi kilichotokea," mwenyekiti alisema, "wazazi waelewe uzito. Wengine hapa hawakuwepo."

"Siwezi."

"Jikaze dada. Kisa chako ndicho kitakachotusaidia."

"Si changu," Dobi alisema. "Kingekuwa changu ningekieleza hata mara kumi. Kina mwenyewe, na mwenyewe amekataa."

Mama mmoja nyuma alisema lakini sote tunakijua. Dobi akamgeukia, akasema ndiyo, mnakijua, kwa sababu yangu. Ndiyo maana leo hamkisikii kwangu.

Ukafuata ukimya, lakini haukuwa ule ambao mwenyekiti aliuzoea, wa watu wanaokaribia kulia. Ulikuwa wa watu walionyimwa. Mwalimu wa darasa alisema, kwa uchovu wa haki kabisa, kwamba ubao ni mmoja na vipindi ni vinane, na akauliza nani atabaki kuandika. Mzazi mmoja alisema picha ya kuoga ni ya mwanawe na hapangiwi. Mwingine akasema tusiwe na hofu sana na maendeleo. Bibi wa simu iliyojaa alinyanyua fimbo, akasema kama mtoto ni wa kwako basi mfiche wa kwako, na watu wakacheka, jambo ambalo halikusaidia.

Walipiga kura kwa mikono. Ilinyooshwa kumi na mmoja. Fundi cherehani alinyoosha, na bibi, na yule baba wa watoto wanne, na mwanamke mmoja kijana wa dawati la mbele ambaye hakumtazama Dobi, ndiye mama wa mtoto wa sindano. Waliobaki hawakukataa, waliangalia mikono yao. Mwenyekiti alisema jambo ni zuri, litarudishwa muhula ujao, turudi kwenye choo.

Alimfuata Dobi nje baadaye, akionekana ameumia kweli. Alimwambia ungewaeleza tu. Ungewaeleza ungewapata wote. Dobi alisema anajua, akamshukuru, akaenda zake.

*

Nyumbani binti alikuwa amekaa kwenye ngazi na baba yake. Hakuna aliyemkimbilia. Alipita, akavua viatu, akanywa maji, akarudi akakaa ngazi ya chini yao.

"Wamekubali?" Wakili aliuliza.

"Hawakukubali."

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza mara mbili."

"Ukasemaje?"

"Nilisema si changu."

Binti alitazama barabarani. Bwana Mita alianza kusema kwamba haidhuru, muhula ujao si mbali, lakini mkewe alimtazama akaacha. Walikaa hivyo watatu mpaka jua likawafikia miguuni wakalazimika kuingia ndani. Jumatatu ingefika na ile ngoma ingekuwepo bado kwenye simu za watu, na hakuna aliyejidanganya kuhusu hilo.

Alfajiri ya Jumapili Dobi aliamshwa na kidole begani. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Wakili alikuwa amesimama kando ya kitanda, anatetemeka kidogo kwa baridi, nguo imemganda miguuni. Aliinama mpaka mdomo ukagusa sikio la mama yake.

"Mama. Nimelowesha."

Dobi aliinuka taratibu ili kitanda kisilie. Hakuwasha taa. Alimshika mkono, ulikuwa wa baridi na umebana, akausikia nao unamshika. Walikuwa wamefika mlangoni wakati Bwana Mita alipogeuka upande wa pili na kuuliza, kwa sauti ya usingizi, kuna nini.

"Hakuna kitu," alisema Dobi. "Lala."